Rangi Niliyoigeuza

Marahaba, wanangu. Naitikia mapema kwa sababu najua mtaniamkia, na najua mtaniamkia huku macho yenu yakiwa kwenye simu. Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kupima mioyo ya watoto hapa Mwanza, niwatie moyo kabla hamjaanza kazi. Nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki tatu bila kuandika neno. Cha kuwatia moyo sinacho. Nilicho nacho ni mtoto mmoja na kitufe kimoja, na habari yao nitaifikia nikishapata nguvu. Kwanza niacheni niwasimulie mambo mepesi.

Mimi ndiye Mama Bwire, Mjita wa ziwani, niliyeingia idara ya mionzi wakati picha za eksirei bado zinaoshwa kwenye dawa na kuanikwa kama nguo. Hospitali siitaji, inatosha mjue ipo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kaijage, Mhaya mwenye Uhaya wake wote. Ndani ya chumba cha giza alizisemesha filamu Kiingereza, akidai Kiswahili hazikielewi. Tulimcheka, lakini filamu zake zilitoka safi na zetu zilitoka na ukungu, kwa hiyo kicheko chetu hakikuwa na nguvu.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Ukimpelekea filamu, kabla hujasema kitu, alifunika karatasi ya daktari kwa kiganja chake. Hakutaka usome mgonjwa anadhaniwa ana nini. Utaje kwanza unachokiona, kuanzia kona ya juu kushuka chini, mfupa kwa mfupa, ndipo kiganja kiondoke. Nikimwambia foleni ni ndefu, alijibu, "Foleni haijawahi kumuua mtu, Mama Bwire. Wewe unaweza." Nilidhani ni maringo tu ya kwao Bukoba.

Siku moja alitundika kifua cha mtoto kwenye taa, akaniuliza kivuli cha moyo kinafanana na nini. Kitabu kilisema kinafanana na mtu wa theluji, mduara mdogo juu ya mduara mkubwa. Mimi theluji sijaiona hata kwenye friji, maana friji ya idara ilikuwa haigandishi. Mzee Kaijage naye hakuwahi kuiona, ingawa hakukubali. Tukabaki tumeikodolea macho ile filamu mpaka mama mfagiaji alipopita na ndoo yake, akaitazama akasema, "Mbona mmetundika kibuyu?" Tangu siku hiyo idara yetu nzima iliuita ugonjwa ule kibuyu, na daktari mgeni akija ilibidi tumfafanulie.

Niwaeleze kibuyu ni nini, kwa sababu ndicho kiini cha habari hii. Damu iliyosafishwa kwenye mapafu inarudi moyoni kwa mishipa minne, nayo inatakiwa iingie chumba cha juu upande wa kushoto, ili itumwe mwilini. Kuna watoto wachache mno wanaozaliwa mishipa hiyo haijakipata chumba chake. Yote minne inakutana nyuma ya moyo, inakuwa mshipa mmoja, na mshipa huo unapanda juu upande wa kushoto mpaka karibu na shingo, unavuka kwenda kulia, kisha unateremka pamoja na damu chafu. Safi na chafu zinaingia chumba kimoja cha kulia. Mtoto anaishi kwa sababu ya tundu lililopo kati ya vyumba viwili vya juu, linalopitisha damu hiyo iliyochanganyika kwenda kushoto. Mshipa unaopanda na kuvuka ndio unaochora kichwa cha kibuyu. Lakini kibuyu hakitokei mapema. Mtoto wa miezi miwili au mitatu filamu yake inaweza isikuonyeshe chochote, kwa hiyo ukisubiri kibuyu umeshachelewa.

Si kila mshipa uliopotea njia ni msiba, nisije nikawatisha. Zamani tulipigiwa simu kutoka chumba cha wagonjwa mahututi. Walikuwa wamempitishia mama mmoja mpira wa dawa kwenye shingo, upande wa kushoto, na eksirei ilionyesha mpira umeshuka kushoto moja kwa moja badala ya kuvuka kwenda kulia. Daktari kijana jasho linamtoka, anaamini ametoboa mshipa mkuu. Mzee Kaijage akaenda na altrasaundi yake, akachukua sindano mbili, akatikisa maji ya chumvi kutoka hii kwenda hii mpaka yakajaa mapovu, akayaingiza kwenye mkono wa kushoto, akatazama mapovu yanatokea wapi. Yalitokea kwanza kwenye mfereji mdogo ulio nyuma ya moyo. "Huyu mama ana barabara mbili," akasema, "ninyi wengine mna moja. Mwacheni." Yule mama alipona, na alipoelezwa alikwenda kuringia majirani. Jifunzeni hilo la mapovu, ni rahisi na halihitaji mashine mpya.

Sasa nimeshachelewesha vya kutosha.

Mzee Kaijage alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa chumba cha eko, yaani altrasaundi ya moyo. Mashine yetu ya moyo tuligawana na wodi ya wazazi. Kila iliporudi kutoka huko tuliikuta vitufe vimevurugwa, mwanga umepandishwa, pengine hata rangi zimegeuzwa. Wengi wenu mnajua: damu inayokuja kwenye probu, kile kishikio tunachokiweka kifuani, mashine inaipaka nyekundu, inayokimbia probu inaipaka bluu. Na kuna kitufe cha kuzigeuza. Tulizoea kurekebisha hili na lile huku tukinung'unika juu ya watu wa wazazi, bila hata kufikiri.

Jumanne moja aliletwa Doto, mtoto wa miezi mitatu. Alikuwa pacha. Kulwa, ndugu yake, alikuwa nyumbani amenenepa. Doto alikuwa mwepesi, anahema haraka, ananyonya kidogo na kuacha. Mama yao alikuwa amelazwa kwa homa, kwa hiyo Doto aliletwa na bibi yake mzaa baba, Bibi Minza, Msukuma mrefu mwenye sauti ya chini. Shingoni mtoto alikuwa na uzi mweusi uliofungwa kijiti cha dawa. Mapacha wote wawili walifungwa na bibi mwenyewe.

Nilianza chini ya kifua, pale juu ya tumbo, mahali ambapo mtoto halii sana. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa mkubwa. Tundu nikaliona kati ya vyumba vya juu, nikafurahi, kwa maana nimepata jibu na benchi nje limejaa. Nikawasha rangi. Kwenye tundu la kawaida, ukiangalia kutoka pale, damu inatoka kushoto kuja kulia, inakuja kwako, nyekundu. Ya Doto ilikuwa bluu.

Nikasema kimoyomoyo, watu wa wazazi tena. Nikabonyeza kitufe. Ikawa nyekundu.

Rudieni sentensi hiyo, wanangu. Rangi ilikuwa sahihi. Damu ya mtoto yule ilikuwa kweli inatoka kulia kwenda kushoto, na ilikuwa inaniambia kwamba chumba cha kulia kinapokea kisichokuwa chake. Ningeielekeza probu kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, ambao njia yake naijua hata nikifumba macho, ningejua palepale kama mashine imegeuzwa au haijageuzwa. Nusu dakika ingetosha. Nesi alikuwa ameandika oksijeni asilimia themanini na nane, chini ya inavyotakiwa, nikasema kifaa hakikukaa vizuri kwenye kidole. Kila kitu nilikuwa na jibu lake.

Nilipotaka kupanda shingoni kumalizia, nikamwambia bibi afungue uzi. Akaushika kwa vidole viwili.

"Huu haufunguliwi, mwanangu. Mpaka atambae."

"Mama, ni dakika moja tu."

"Hata moja. Nitaufungua mwenyewe akitambaa."

Ningeweza kumbembeleza. Ningeweza kuusogeza uzi kwa kidole changu kimoja, ulikuwa umelegea. Lakini ule ukaidi wake ulinipa nafuu, wanangu, nasema kweli. Niliandika: tundu kati ya vyumba vya juu, mishipa ya mapafu ya kawaida, aangaliwe tena baada ya miezi sita. Mishipa ya mapafu sikuwa nimeuona hata mmoja.

Hawakurudi baada ya miezi sita. Karatasi yangu ilisema si haraka, nao waliiamini. Walirudi mwaka na zaidi baadaye, Kulwa anakimbia kwenye korido na Doto amebebwa mgongoni mwa baba yake, kucha zimekuwa rangi ya zambarau. Wiki hiyo tulikuwa na daktari wa moyo kutoka Dar es Salaam, mpole, haongei sana. Mama yao alikuwa ameshaukata uzi mwenyewe kwa wembe. Daktari akaweka probu pale shimo la shingo, akatulia, akaniita. Upande wa kushoto ambako damu yote ilipaswa kuteremka, kulikuwa na mshipa mnene unapanda. Akasema mapafu yameshabeba presha muda mrefu, kwamba ataandika barua ya kwenda kupasuliwa lakini tusimpe baba ahadi. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kipimo cha kwanza alifanya nani.

Nikasema ni mimi. Na nikasema, baba mtu akiwa amesimama palepale, "Bibi yake alikataa kufungua uzi, daktari. Shingoni sikuweza kupima."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Mabula, ndiye baba yao, aliniangalia, kisha akaangalia sakafu.

Siku iliyofuata nilifungua kumbukumbu za mashine nikatafuta picha za kwanza za Doto. Mashine haina haya. Nikaiona bluu ikipita kwenye tundu, moyo ukipiga mara nne, mara tano, kisha rangi zikabadilika katikati ya picha, pale kidole changu kilipobonyeza. Tulikuwa tukifuta picha za zamani kila nafasi ilipojaa. Haikuwa imejaa. Nikazifuta.

Doto alifariki wiki ambayo barua yake ya safari ilisainiwa.

Watu husema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi sikulirudia. Kwa miaka yote iliyobaki sikugusa kitufe kile kabla ya kuangalia mshipa mkuu, niliomba nyuzi zisogezwe na zikasogezwa, na watoto wengine wawili wenye mshipa ule niliwapata mapema. Mmoja alipasuliwa na yupo. Sasa niambieni hilo linamsaidia nini Doto.

Wala si yeye tu. Baada ya miaka miwili mama Kulwa alikuja kupima mimba. Nikiwa nampaka jeli tumboni akanisimulia kwamba mama mkwe hawakai naye tena pale nyumbani kwao Igogo. Mabula alikuwa amemwambia mama yake mbele ya ndugu kwamba uzi wake ndio uliomfunga mtoto, na kwamba hata hospitali ilithibitisha. Majirani wakaanza kuangalia macho ya bibi, kama yamekuwa mekundu. Mnajua hapa kwetu kikongwe mwenye macho mekundu husemwa ni mchawi, na mnajua nini huweza kumpata. Ndugu mmoja akamtafutia chumba Buhongwa, mbali na maneno. Kulwa amekatazwa kula chochote cha bibi yake. "Lakini tunamwombea," mama Kulwa akasema. Nikamwonyesha moyo wa mtoto aliye tumboni unavyopiga, nikamwambia yuko salama. Sikusema zaidi ya hapo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ule nilikuwa nimemtwika bibi, mimi nikatembea mikono mitupu mpaka nikastaafu.

Mwaka jana nilikwenda Buhongwa. Niliuliza uliza mpaka nikampata, ameketi kwenye kigoda anachambua karanga. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, kwa moshi wa kuni. Hakunikumbuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Umetoka mbali?"

Akaniletea michembe, viazi vitamu vikavu alivyovipika na karanga, akanikataza kusema mpaka nile. Nikala. Kisha nikamweleza yote, kitufe, rangi, maneno niliyosema mbele ya mwanawe. Nilieleza polepole, kwa Kiswahili chepesi, na alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo si uzi?"

"Si uzi, mama. Uzi ulinizuia njia moja. Njia nyingine ilikuwa wazi, nikaifunga mwenyewe."

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Mimi nilikuwa nimeshakubali," akasema. "Watu wakikwambia neno kila siku, unafika mahali unasema labda ni kweli. Nilikuwa nasali nasema, Mungu, kama mkono wangu una kitu na mimi sikijui, ukaushe." Akaniangalia. "Kamwambie Mabula. Mimi hanisikii. Wewe ni wa hospitali."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Igogo. Mabula ni fundi wa injini za boti. Alikuwa ameinamia injini iliyofunguliwa, akaniamkia vizuri, akanipangusia ndoo nikakalia. Nikasema tena yote. Alisikiliza bila kunikatiza, akifuta mikono kwa tambara kidole kwa kidole.

"Hizo picha ziko wapi, mama?"

"Nilizifuta."

"Ulizifuta." Akatikisa kichwa. "Na miaka yote hii hukusema."

"Sikusema. Niliogopa kazi yangu."

"Mama mzazi alikuita?"

"Hapana. Nilikwenda mwenyewe, jana."

"Ulikula kwake?"

Sikuelewa anakoelekea, nikajibu kama mtu anayejibu daktari. "Nilikula. Michembe."

Akaweka tambara chini. "Sikiliza mama yangu, mimi ni fundi. Injini ikianza kufanya jambo ambalo haikuwa ikifanya, siulizi mengi. Nauliza nini kilibadilika kabla. Umekaa miaka yote husemi. Umekwenda kwake, umekula, na leo unasema." Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, na hapo ndipo nilipokata tamaa. "Pole sana mama. Amekupata na wewe."

Nilibishana naye. Nilichora mishipa kwa kijiti kwenye mchanga, nikamtajia yule daktari wa Dar, nikalia, mwanamke wa umri wangu, mbele ya vijana wake wa kazi. Kila nilivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kunihurumia. Mwishoni akaniitia bajaji, akamwambia dereva anifikishe taratibu na asisimame njiani.

Sikurudi nyumbani. Nilimwambia dereva anipeleke Buhongwa, kwa sababu yule mama alikuwa ananingoja na nilikuwa nimemwahidi jibu. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge kipya.

"Amesemaje?"

Wanangu, nilikuwa na njia yote ile ya kuandaa la kusema.

"Amesikia, mama. Amesema atakuja."

"Lini?"

"Jumapili."

Akaingia ndani bila kuniuliza lingine, akatoka na ufagio, akaanza kufagia uwanja. Ilikuwa Jumatatu.